SOMO: Kusafisha kikombe cha bunduki ya kupulizia rangi (soma kabla hujanunua nozeli mpya)

Wakuu, habari za kazi. Kila wiki naletewa swali lile lile: "Bunduki yangu inakohoa, inatoa rangi kisha inakata, ninunue nozeli gani?" Nimelijibu mpaka nimechoka. Naliweka hapa lote, na atakayeuliza tena nitamrudisha huku. Mara nyingi sana nozeli (mdomo wa kutolea rangi) haina kosa. Kosa liko kwenye kikombe, tena kwenye kifuniko chake.

Vikombe ninavyovisema ni vya aina mbili: cha juu, rangi ikishuka kwa uzito wake (vingi ni vya mililita 600), na cha chini, rangi ikifyonzwa na upepo (kawaida lita 1). Usafi wake ni ule ule. Vaa glovu za nitraili, maana zile za mpira mwepesi thina (kiyeyusho cha rangi) inazilegeza, na maski ya chujio la kaboni.

1. Chomoa mpira wa hewa, bana triga upepo uliobaki utoke. Kikombe cha presha usikifungue kabla hujaachia presha.

2. Mimina rangi iliyobaki. Yenye hadna (dawa ya kukazia rangi) hairudi kwenye kopo lake, hata tone.

3. Futa ndani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kabla thina haijaingia.

4. Suuza mara tatu, kidogo kidogo. Watu wanajaza kikombe, wanatikisa, wanamwaga, wanaona wamemaliza. Thina ya mililita 150 ukiigawa hamsini hamsini inasafisha kuliko kuitia yote kwa mpigo, kwa sababu kila duru inaanza na thina safi juu ya uchafu uliokwisha kupungua. Kila duru ipitishe kwenye nozeli, triga ikiwa imebanwa, idondokee kwenye kopo la uchafu. Ya tatu itoke haina rangi. Kama ulipiga rangi ya maji, maji yatangulie. Ukitia thina ya laka juu yake inaganda mabonge ndani ya njia.

5. Chujio la shingoni litoe, lipige brashi, liinue kwenye mwanga. Tundu lisilopitisha mwanga halipitishi rangi.

6. Meno ya kufungia na washa yake: brashi laini, kisha grisi kidogo mno isiyo na silikoni. Silikoni ikigusa rangi, uso wa kazi unafunguka vishimo vya mviringo.

7. Tundu la hewa. Hapa nendeni polepole, ndipo nilipoharibu kazi ya mtu.

Rangi ikitoka kikombeni, nafasi yake lazima ijazwe na hewa, na hewa hiyo inapita kwenye kitundu kidogo cha kifuniko. Kikiziba, ndani unajengeka mvuto unaoizuia rangi isitoke. Bunduki inapiga vizuri sekunde chache, inakohoa, inakata. Shika bunduki wima, legeza kifuniko robo mzunguko, piga tena. Ikitulia, umempata mgonjwa.

Changu kiliziba kwa klia (rangi angavu ya juu) iliyokauka, nikakichokonoa kwa ncha ya drili. Kikapanuka. Bunduki ikapiga vizuri, nikafurahi. Kesho yake nikainamia boneti ya rangi ya metaliki, tabaka la mwisho, tone likachuruzika kutoka kwenye kile kitundu na kutua katikati. Likafungua duara la ukubwa wa kifungo cha shati: ndani peupe, chembe za metaliki zote zimekimbilia ukingoni na kufanya pete nyeusi. Nilipiga msasa boneti nzima nikaanza upya, na mwenye gari amesimama ananitazama.

Kwa hiyo: hakuna waya, hakuna sindano ya chuma, hakuna drili. Loweka kifuniko kwenye thina dakika chache (si usiku kucha, plastiki inavimba), kisha pitisha kipande cha mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, halafu puliza upepo kutoka ndani kwenda nje. Kama kifuniko chako kina kivalvu cha kuzuia matone, kitoe, kioshe, kirudishe. Usikitupe.

8. Kausha, hifadhi kifuniko kikiwa hakijakazwa.

MASWALI

FundiMdogo: Mkuu yangu inakohoa, nichukue nozeli ya 1.4 au 1.8?

Jibu: Namba 7.

FundiMdogo: Nimeona ila ni ndefu, nisaidie kwa kifupi.

Jibu: Legeza kifuniko robo mzunguko. Piga. Uje useme.

DadaSamani: Shikamoo fundi. Klia yenye hadna imekaukia kikombeni tangu jana, cha alumini. Thina haifanyi kitu. Nimeshauriwa kostik soda. Na kwa nini thina inashindwa wakati ndiyo niliyochanganyia?

Jibu: Marahaba dada, umeuliza vizuri. Laka ya kawaida inakauka kwa thina kuruka tu, ndiyo maana thina ikirudi inaiyeyusha. Yenye hadna haikauki hivyo: inaungana kikemikali, ikishaungana thina haiifungui tena. Kostik usiguse. Inakula alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, inayowaka. Kikombe kinabaki na vijishimo vya kukamata uchafu kila siku. Dawa za kung'olea rangi zenye methilini kloridi nazo ziweke mbali na alumini, hasa mahali palipofungwa. Loweka kwenye thina masaa kadhaa, ile ngozi ivimbe na kuachia pembeni, kisha inyanyue kwa kijiti cha mbao. Kikombe kingekuwa cha plastiki ungekiminya tu ipasuke itoke.

DadaSamani: Imetoka vipande vikubwa kama maganda. Asante sana. Swali la mwisho: nikibana triga vipovu vinapanda kikombeni, changu ni cha juu.

Jibu: Upepo umeingia njia ya rangi. Anza na nozeli, huenda imelegea au kiti chake (pale inapokaa) kimechakaa. Kaza kwa spana yake huku umebana triga, sindano ya ndani ya bunduki irudi nyuma isikwaruze mdomo. Kisha kaza kofia ya hewa (ile ya mbele inayoizunguka nozeli). Vikiendelea, tazama kiti cha nozeli kwa kioo cha kukuzia.

Mkongwe77: Mimi bunduki nzima inalala kwenye ndoo ya thina, miaka yote haijafa. Mnawatisha vijana.

Jibu: Thina inakausha pakingi (vizibo vya ndani vya kuzuia kuvuja) na kuosha grisi, na uchafu wa ndoo unaingia kwenye vitundu vya kofia. Yako haijafa, vizuri. Za wengine waliofanya hivyo nimezifungua mimi.

FundiMdogo: Nimelegeza. Inapiga bila kukata!

Jibu: Haya, sasa loweka. Mshipi, siyo waya.

MsasaMmoja: Thina chafu mnaimwaga wapi?

Jibu: Siyo kwenye mtaro. Weka kwenye kopo la bati lenye kifuniko, liandike, liache siku kadhaa bila kulitikisa. Tope linatuama, ya juu inarudi kuwa safi kiasi, tumia kwa suuzo la kwanza tu. Tope lipeleke wanakopokea taka za kemikali. Na vitambaa vya mafuta ya kitani usivikunjekunje ukavirundika pembeni: vinajipasha joto vyenyewe mpaka vinawaka. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke.