Somo: Kuunga na kubadilisha rangi ya shoo ya plastiki nyumbani (tafadhali soma yote kabla ya kuuliza)

Tangu nilipoweka picha za shoo ya gari langu, ambayo ilipasuliwa na bodaboda kwenye foleni na sasa ni nzima na nyeusi isiyong'aa, hazipiti siku tatu kabla mtu hajaniuliza nilitumia gundi gani. Sikutumia gundi. Nimelijibu swali hilo mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niandike kila kitu mahali pamoja. Mimi si fundi wa gereji. Kazi hii niliifanya uani kwangu Dar es Salaam, na nikaiharibu mara moja kabla ya kuipatia. Ninaposema shoo nina maana ya ule uso wa mbele ulio baina ya taa, ambao wenzetu wa Kenya huuita grili.

Hatua ya 1. Ing'oe shoo baada ya gari kukaa juani kwa muda, kwa kuwa vibanio vya plastiki vilivyopoa hukatika kwa urahisi, na upige picha ya kila skrubu kabla ya kuifungua.

Hatua ya 2. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha uiache ikauke.

Hatua ya 3. Igeuze na utafute herufi za aina ya plastiki zilizochapwa mgongoni baina ya alama mbili za mishale. Ukikuta >ABS<, endelea na somo hili. Ukikuta >PP<, au PP ikifuatwa na herufi nyingine, ruka hatua ya 4, kwa maana asetoni (kile kimiminika cha kuondolea rangi ya kucha) haiyeyushi plastiki hiyo na gundi nyingi haziishiki. Ikiwa herufi zimefutika, kata kipande kidogo mahali pasipoonekana ukitie majini: ABS huzama na PP tupu huelea. Kipimo hiki kina kasoro moja, nayo ni kwamba PP iliyochanganywa na unga wa talki yaweza kuzama pia. Kwa hiyo weka tone la asetoni mgongoni na uguse kwa kijiti baada ya nusu dakika. Ikinata, ni ya jamii ya ABS.

Hatua ya 4. Hapa ndipo nilipoharibu. Kata vipande vidogo vya shoo nyingine iliyovunjika, ambayo pia ni ABS, uvitie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa bati, umimine asetoni ya kuvifunika tu, na uache usiku kucha hadi viwe kama uji mzito. Toboa tundu la milimita 2 au 3 kwenye ncha ya ufa ili usiendelee kukimbia. Panua ufa uwe na umbo la V, upake uji huo, na mgongoni ulaze kipande cha wavu wa alumini wa madirisha ndani ya uji ili kiwe kama nondo ndani ya zege. Mimi, kwa haraka zangu, niliujaza ufa wote kwa mkupuo mmoja, nikaona juu pamekauka, nikapaka rangi kesho yake. Asetoni iliyobaki ndani ilikuwa bado inatafuta njia ya kutokea. Baada ya wiki mbili za jua rangi ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua, uji ulikuwa umenywea na kuacha bonde, na ilinibidi nikwangue yote na kuanza upya. Paka tabaka jembamba lisilozidi milimita moja, subiri siku nzima kabla ya tabaka jingine, na baada ya la mwisho usiiguse kwa siku nne.

Maonyo ni matatu. Asetoni hushika moto kwa wepesi mno, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa ambalo hukulifikiria. Fanya kazi nje, mbali na moto wowote. Usitumie vikombe vyepesi vya plastiki, kwa maana vingi huyeyuka mkononi. Na usiimimine asetoni kwenye uso wa mbele kwa nia ya kusafisha, kwa kuwa itaula uso huo.

Hatua ya 5. Piga msasa namba 180 penye kiraka, kisha 320, kisha 600, yote kwa maji. Shoo ya nikeli, yaani iliyopakwa madini yanayong'aa, ni lazima ipoteze mng'ao wote, hata kwenye kona.

Hatua ya 6. Puliza praima (rangi ya msingi) ya plastiki, kisha rangi katika tabaka tatu nyembamba kutoka umbali wa sentimita 25 hivi, ukisubiri dakika kumi na tano kila mara. Msimu wa masika nakushauri uahirishe, kwani unyevu huifanya rangi ipate ukungu mweupe.

Hatua ya 7. Rudisha shoo mahali pake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mzee wa Probox: Mkuu, somo zuri sana. Ni gundi gani ulitumia?

Jibu: Mkuu, soma sentensi ya pili.

Kijana wa Tabata: Nimefuata kila kitu lakini vipande vyangu vimekaa kwenye asetoni siku mbili na havijayeyuka. Nadhani somo lina makosa.

Jibu: Herufi za mgongoni zinasema nini?

Kijana wa Tabata: Sikuziangalia.

Jibu: Ziangalie, halafu turudi kwenye makosa ya somo.

Kijana wa Tabata: Ni PP.

Jibu: Basi unahitaji joto. Chukua pasi ya kulehemu, uyeyushe kingo za ufa pamoja na vijiti ulivyokata kutoka kwenye bampa bovu la PP, na uzamishe wavu mgongoni pasi ikiwa ya moto. Usivute moshi wake.

Fundi Rangi: Ndugu mwandishi unapotosha watu. Rangi haikai juu ya nikeli. Shoo kama hizo huletwa kwangu kila mwezi zikibanduka.

Jibu: Yangu ina miaka miwili na haijabanduka, kwa hiyo sikubali kwamba haikai. Nakubali kwamba haikai juu ya nikeli inayong'aa, na ndiyo sababu hatua ya 5 inataja kona.

Fundi Rangi: Kona ndizo zinazoanza kubanduka, hapo umesema kweli. Ongeza kwamba wasishike kwa mikono mitupu baada ya msasa, kwani mafuta ya vidole yanatosha kuharibu kazi.

Jibu: Ahsante, fundi. Wasomaji walizingatie hilo.

Dada wa Morogoro: Kaka, nimeangalia shoo nne za nikeli kwa jirani yangu anayeuza vipuri, na zote zimeandikwa ABS. Je, ni bahati tu?

Jibu: Dada, umeuliza swali zuri kuliko yote. Si bahati. Ndani ya ABS mna chembe ndogo sana za mpira. Kiwandani plastiki hutiwa kwenye tindikali inayozila chembe hizo na kuacha vishimo, na madini ya shaba, nikeli na kromu yanapopakwa hupata pa kung'ang'ania. Plastiki nyingi hazina chembe hizo. Kwa hiyo mng'ao wenyewe ni dalili nzuri ya ABS, ingawa wakati mwingine huwa imechanganywa na plastiki nyingine iitwayo polikaboneti. Ndiyo sababu pia nasisitiza msasa wa maji: vumbi la nikeli si la kuvuta.

Mwenye Harrier: Nataka kupuliza rangi ya fedha kwenye nembo pia. Kuna tatizo?

Jibu: Kama gari lako ni jipya, liko. Baadhi ya magari ya Toyota yenye mfumo wa kuzuia ajali wa Safety Sense, ulioanza mwaka 2015, yana rada nyuma ya nembo, na rangi yenye chembe za metali huweza kuziba mawimbi yake. Iache nembo.

Dada wa Morogoro: Na sikio la kufungia skrubu likiwa limepotea kabisa, tufanyeje?

Jibu: Gandamiza sikio zima kwenye udongo wa mfinyanzi ili upate umbo lake, tia bikaboneti ya kuumulia keki kidogo kidogo ukidondoshea supa gluu, na litakuwa gumu papo hapo. Kaa mbali na mvuke wake, na libandike kwa uji wa hatua ya 4.

Mzee wa Probox: Kumbe gundi ulitumia!

Jibu: Kwenye sikio, mkuu. Kwenye sikio tu.

Dada wa Morogoro: Nimelitengeneza na limekuwa gumu kweli, ila nilinakili sikio la kulia na lililopotea ni la kushoto. Tundu la skrubu limeangalia nje.

Jibu: Nilipaswa kulisema hilo. Toboa tundu jipya upande wa pili na ulijaze lile la zamani.