SOMO: Namna ya kumsaidia mwanao kwenye besiboli, hata kama wewe mzazi hujawahi kushika bati (gongo la kupigia mpira)

Habari zenu wakuu, poleni na baridi. Wazazi kadhaa hapa Mbeya wameniuliza wafanyeje maana mtoto kaupenda huu mchezo na wao wenyewe wanauona kwenye TV tu. Kiukweli kwa mtoto wa miaka 7 mpaka 12 kazi yako kubwa ni mbili, kurushiana naye mpira kila jioni hata dakika 20 tu, na kumlindia mkono wake. Mengine kocha atamalizia.

HATUA YA 1: Vifaa
Glavu ukibahatika unaikuta kwenye mitumba. Anayerusha kwa kulia anavaa glavu mkono wa KUSHOTO, hapo wengi wanageuza. Ukikosa anza na mpira wa tenisi mikono mitupu, haina shida. Mpira wenyewe wa besiboli una gramu 142 mpaka 149 na ni mgumu, mtoto anayeanza ukimpa huo bila glavu akapigwa usoni ataanza kufumba macho kila mpira unapokuja, na kumtoa ule woga ni kazi.

HATUA YA 2: Kurusha
Hapa msiwe na haraka. Kidole cha shahada na cha kati vikae juu ya mpira vikikatisha mshono pale ulipo mpana, gumba chini, na ubaki uwazi kidogo kati ya mpira na kiganja, asiukabe. Kwa wa kulia, asimame ubavu, bega la kushoto limwangalie anayemrushia, mguu wa kushoto upige hatua mbele, kiwiko kiwe usawa wa bega, alafu akishaachia mkono uendelee mpaka upande wa pili wa goti, asiukate njiani. Kiwiko kikishuka chini ya bega msimamishe hapohapo, kwanza mpira hauendi, pili ndo mwanzo wa maumivu. Anzeni mita 5 mkiwa mmepiga goti moja, akizoea ndo mnasimama na kurudi nyuma kidogo kidogo.

HATUA YA 3: Kudaka
Mpira ukija juu ya kiuno vidole vitazame juu, ukija chini ya kiuno vidole vitazame chini. Mikono miwili siku zote. Basi, hayo mengine ni mazoezi.

HATUA YA 4: Kupiga
Mwambie anyooshe mkono mmoja mbele ameshika bati, likianza kutetemeka na kushuka mapema ujue ni zito, tafuta jepesi. Kwa wa kulia, mkono wa kulia unakuwa juu ya kushoto. Usianze kumrushia, weka mpira juu ya kipande cha bomba la plastiki ulichosimika kwenye ndoo ya mchanga, usawa wa kiuno. Watoto wengi wanashusha bati kama wanapasua kuni, wewe mwambie azungushe kiuno kwanza na mikono ifuate, macho yabaki pale mpira ulipokuwa. Na mipira yake ikiruka mbali msivimbe sana, Mbeya mjini tuko kama mita 1,700, juu kuliko hata Denver kule Marekani, na hewa nyepesi inausaidia mpira. Akishuka Dar atashangaa hauendi vile.

HATUA YA 5: Mkono
Wazazi hapa nawaomba sana. HESABU mipira anayorusha kwa nguvu akiwa mrushaji, yaani yule anayemrushia mpigaji. Kanuni za Little League, shirika la besiboli ya watoto la Marekani, zinasema miaka 7-8 isizidi 50 kwa siku, 9-10 isizidi 75, 11-12 isizidi 85, na akizidisha 65 anapumzika siku nne. Mipira ya kukunja, ile inayopinda njiani, aiache mpaka akue. Na asubuhi za Juni na Julai hizi za kwetu asirushe kabla hajakimbia mwili ukapata joto.

MASWALI YA WADAU

Mama wa Tukuyu: Asante kwa somo kaka. Wangu ni mashoto, nimbadilishe?
Jibu: Hapana mama, muache hivyohivyo, glavu avae kulia. Tena mashoto akisimama kupiga anakuwa karibu zaidi na besi ya kwanza, kituo anachokimbilia baada ya kupiga, ni faida.

Mdau wa Mafinga: Mkuu helmeti ya bodaboda inafaa wakati wa kupiga?
Jibu: Ni nzito na inamziba pembeni, haoni mpira vizuri. Kama hamna kofia yenyewe tumieni mpira wa tenisi tu.

Mdau wa Iringa: Dogo ana miaka 11 analalamika kiwiko kinauma ila anataka kucheza jumamosi.
Jibu: Asicheze. Mifupa ya umri huo bado ina sehemu laini za kukulia, zikiumia si sawa na msuli wa mtu mzima. Apumzike, na maumivu yakiendelea mpeleke hospitali. Usimpe dawa ya maumivu ili acheze, tafadhali sana.

Mama wa Njombe: Huku hatuna uwanja wala bati, na wangu ni wa kike.
Jibu: Dada tafuta Besiboli5, wachezaji watano kila upande, wavulana na wasichana pamoja, bati hakuna glavu hakuna, mpira wa raba unapigwa kwa mkono. Besi zimeachana mita 13 tu, hata uwanja wa shule ya msingi unatosha, na ipo kwenye Olimpiki ya Vijana Dakar 2026. Kukusanya watoto wa mtaani kumi ndo kazi yenyewe, mpira mmoja unawatosha wote.