Kabla ya kuamini dalili: ya kuzingatia ukipata hofu ya VVU

Kondomu imepasuka, au ulilala na mtu usiyejua hali yake, na sasa kichwani kuna swali moja tu: nimeambukizwa au sijaambukizwa? Swali hilo linajibiwa na tarehe na kipimo. Mwili hauwezi kulijibu, ingawa katika wiki zinazofuata utasema mengi, na mengi yake yatakutisha.

Kwa hiyo anza na saa. Kama hazijapita saa 72 tangu tukio, kuna dawa za kuzuia maambukizi, PEP, zinazomezwa kila siku kwa siku 28. Saa 72 ni mwisho, haina maana kwamba una siku tatu za kutafakari. Kila saa inayopita inapunguza nafasi yake ya kufanya kazi. Usisubiri Jumatatu eti kliniki ya CTC, ile ya huduma na matibabu ya VVU, imefungwa. Nenda idara ya dharura ya hospitali, useme wazi, "Nimekuja kwa ajili ya PEP." Utapimwa kwanza, kwa sababu aliyekwisha kuwa na virusi anahitaji matibabu kamili, na dawa za mwezi mmoja hazimtoshi. Safari hiyohiyo mwanamke aulizie vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ambavyo vina maana hadi siku ya tano, na kwa yeyote yule chanjo ya homa ya ini B ni jambo la kuuliza. Ukianza PEP, jua mapema kwamba dolutegravir, mojawapo ya dawa zinazotumika sana humo, huweza kuleta kichefuchefu, maumivu ya kichwa na usiku wa kukosa usingizi. Wapo wanaozikatiza wakidhani virusi vimeshaanza kazi, kumbe ni vidonge vyenyewe.

Saa 72 zikishapita, andika tarehe ya tukio mahali ambapo hutaipoteza. Andika pia kilichotokea hasa, bila kupamba wala kuficha. Kwa mate, busu, kushikana au choo cha pamoja VVU haviambukizwi, na hofu nyingi zinazokesha usiku ni za mambo ya namna hiyo. Palipo na tendo lenyewe bila kinga, na mwenzako ana virusi na hatumii dawa, makadirio yanayotumiwa na wataalamu ni karibu maambukizi 8 katika matendo 10,000 kwa mwanamke anayeingiliwa ukeni, 4 kwa mwanaume anayeingiza, na 138 kwa anayeingiliwa kinyume na maumbile. Ni wastani tu: kidonda sehemu za siri au ugonjwa mwingine wa zinaa huongeza hatari. Hata hivyo, aliyeshawishika kwamba mara moja ni lazima uambukizwe aziangalie tena namba hizo. Na mtu anayemeza ARV, yaani dawa za kufubaza virusi, vizuri hadi virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono.

Sasa dalili, ambako ndiko watu wanakoumia zaidi. Maambukizi mapya ya VVU huweza kuleta homa, koo kuuma, vipele na mitoki wiki mbili hadi nne baada ya tukio. Wengine hawasikii chochote. Orodha hiyohiyo unaipata kwa mafua makali, na sehemu yake kwa malaria, ndiyo maana kuwa na homa hakuthibitishi na kukosa homa hakukuondolei shaka. Ukipata homa Dar es Salaam au Kigoma, pima malaria siku hiyo. Mtu aliyezama katika hofu ya VVU anaweza kulala na malaria siku nne akisoma kuhusu CD4, chembe za kinga ya mwili, kwenye simu.

Hofu nayo ina dalili zake, za kweli kabisa, si za kujifanya. Unapopumua haraka haraka bila kujua, kiwango cha kabonidayoksaidi kwenye damu hushuka, na vidole na midomo hufa ganzi. Adrenalini huufanya moyo uende mbio, hutoa jasho na kufanya misuli icheze, hasa pajani na kwenye kope. Tumbo linachafuka, unaharisha. Chakula hakipiti, kilo zinapungua, halafu kule kupungua kunageuka ushahidi mpya. Mbaya zaidi ni kujichunguza: tezi inayobonyezwa mara ishirini kwa siku itauma, ulimi unaokwanguliwa kila asubuhi utawasha, uume unaokamuliwa kutazama kama kuna usaha utachoma wakati wa kukojoa, uke unaooshwa kwa sabuni ya dawa utawasha na kutoa majimaji. Halafu kuna tochi ya simu. Mtu ambaye hajawahi kujikagua kwa karibu anagundua vijipele vidogo vilivyojipanga kama shanga kuzunguka kichwa cha uume, au vidoa vyeupe vyenye rangi ya maziwa kwenye ngozi ya mashavu ya uke. Mara nyingi ni maumbile tu na vilikuwepo miaka yote. Kama huna hakika, mwonyeshe mhudumu wa afya mara moja, kisha uzime tochi.

Hii haina maana kila kitu ni hofu. Usaha kwenye njia ya mkojo siku chache baada ya tukio, kidonda kisichouma kinachojitokeza yapata wiki ya tatu, maumivu chini ya kitovu au kwenye korodani: haya yanahitaji kituo cha afya. Kisonono na kaswende hutibika. Klamidia mara nyingi hukaa kimya, na kaswende huonekana kwenye damu hata kidonda kikishapona, hivyo siku ya kupima VVU omba na vipimo vya magonjwa hayo. Usianzie duka la dawa. Kule kuambiwa "hiyo ni UTI", yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na kupewa vidonge vya siku tatu bila kipimo kumewachanganya wengi. Ugonjwa unanyamaza kidogo bila kupona, na kisonono kimeshajifunza kushinda dawa nyingi kwa njia hiyohiyo.

Kabla ya kupima, jua utatumia kipimo gani na lini. Kipimo cha haraka cha kutoboa kidole hutafuta kingamwili, ambazo huweza kuonekana kuanzia karibu siku ya 23 hadi ya 90. Kile cha maabara cha damu ya mshipa kinachotafuta kingamwili pamoja na sehemu ya kirusi chenyewe hutoa picha kati ya siku ya 18 na 45. Muda huo ambao maambukizi bado hayaonekani kwenye kipimo ndio kipindi cha dirisha, na kupima siku ya tano ni kujua hali yako ya kabla ya tukio tu. Ratiba nzuri ni fupi: sasa, wiki ya sita, miezi mitatu. Waliotumia PEP waulize waliowapa dawa, maana siku zao huhesabiwa tofauti.

Kujipima mwenyewe nyumbani Tanzania kumeruhusiwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, yaliyoshusha pia umri wa kupima bila idhini ya mzazi hadi miaka 15. Kwa kipimo cha majimaji ya fizi cha OraQuick, usile wala kunywa dakika 15 kabla, na soma jibu kati ya dakika ya 20 na ya 40. Usikiokote kwenye ndoo ya taka kesho yake ukaanza kutafuta mstari hafifu. Kikionyesha mistari miwili bado si jibu la mwisho: tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linashauri vipimo vitatu mfululizo kabla ya kumwambia mtu ana VVU. Na likithibitika, ARV hutolewa bure na huweza kuanza siku hiyohiyo.

Jambo ambalo wachache huliamua mapema ni hili: jibu lipi litafunga faili? Liandike chini ya ile tarehe. "Kipimo cha miezi mitatu kikiwa hasi, na sijarudia tendo la hatari, nimemaliza." Ukijikuta umekwenda kituo kingine, ukaongopa tarehe ili upimwe tena, ukaanza kushuku mashine au kudhani una aina ya kirusi isiyoonekana, basi kinachokuumiza sasa ni hofu yenyewe, na kipimo cha tano hakitaitibu. Kitakupa nafuu hadi jioni. Chini yake mara nyingi kuna hatia ya kuchepuka, au dini, au mtu aliyeuguzwa nyumbani zamani kabla ARV hazijafika. Kuna matibabu: mazungumzo ya mpangilio na mtaalamu, na kwa wengine dawa. Uliza kitengo cha afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Mawazo ya kujiua yakikujia, nenda leo, na uende na mtu.

Kuhusu mume au mke, tenganisha kukiri na kukinga. Lini utasema, na utasemaje, ni uamuzi wako, na mshauri nasaha anaweza kukusaidia kuupanga. Kinga haiwezi kungoja: kondomu kila mara hadi jibu la miezi mitatu, hata kama itabidi utafute sababu ya kuivaa. Anayenyonyesha asingoje pia. Aende kituoni siku hiyohiyo aeleze, kwa kuwa maambukizi mapya wakati wa kunyonyesha hupita kwa mtoto kwa urahisi zaidi kuliko ya zamani yaliyodhibitiwa na dawa.