Ukipakia Wageni Wanaobishana Besiboli

Machalii wa kazi ya kuendesha watalii, Julai ikifika Wamarekani wanajaa, na besiboli yao wanakuja nayo. Hamjamaliza Kisongo utasikia siti ya nyuma imewaka: yule nyota mzee anayekula mamilioni na mpira haupigi tena, abaki au aondoke? Wengi wetu hunyamaza. Mimi nasema ingia, maana mgeni anayebishana hahesabu matuta. Ila uingie kwa akili.

Jambo la kwanza kulishika ni mkataba. Huku kwetu mchezaji akishuka kiwango, klabu inamwita, wanakaa mezani, wanavunja mkataba, kila mtu anashika njia yake. Ligi kuu ya Marekani, MLB, haiendi hivyo. Fedha iliyosainiwa hulipwa hata timu ikimtema katikati ya njia. Kwa hiyo mgeni akifoka, "Wamwache, waokoe hela!", muulize kwa upole: hela ipi, wakati italipwa tu? Swali hilo peke yake linaweza kuwafikisha Makuyuni.

Halafu ujue kwa nini wazee ndio wanaolipwa. Mchezaji wa kule anatakiwa kutimiza miaka 6 ya utumishi kwenye ligi kuu ndipo awe huru kujiuza kwa timu yoyote. Akiingia na miaka 24, uhuru unamkuta anakaribia 30, na miaka yake mitamu ameshaichezea kwa bei ya chini. Timu mpya inanunua sifa za jana kwa noti za kesho. Mimi hapo simlaumu mchezaji hata kidogo.

Mfano wa kuuweka kichwani ni Albert Pujols, kwa sababu unawafaa wabishi wa pande zote. Alitwaa ubingwa na Cardinals wa St. Louis mwaka 2011, na Desemba hiyo hiyo akahamia Angels kwa miaka 10 na dola milioni 240, akikaribia kutimiza 32. Makali yake ya St. Louis hayakurudi, na Mei 2021 wakamwacha kabla mkataba haujaisha. Mgeni wa kwanza atasema: unaona? Mwache amalize, kisha umkumbushe 2022. Mzee alirudi Cardinals akiwa na miaka 42 na akastaafu na homurani 703, yaani mipira aliyoipiga ikavuka uzio. Sasa gari zima litaongea kwa pamoja.

Wakifika hapo, watenganishie mambo. Mchezaji ni mmoja, mkataba ni mwingine, na bosi aliyesaini ni wa tatu. Wanaobishana huwachanganya wote, wakamzomea mchezaji aliyetia saini karatasi aliyowekewa mbele. Angels walijua wanamnunua mtu wa umri gani. Wa kuulizwa ni bosi aliyeshika kalamu.

Atakayesema umri ndio kila kitu, mtajie David Ortiz, aliyepiga homurani 38 mwaka 2016 akiwa na miaka 40, au Justin Verlander, aliyechukua tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa mpira, mwaka 2022 akiwa Houston na miaka 39. Usitaje zaidi ya hao. Ukijua mengi kupita mgeni, utamu wake unakwisha, na bakshishi nayo inaweza kupungua.

Yankees na Red Sox wakiwa gari moja, chukulia umepakia Simba na Yanga. Usiulizwe unashabikia nani. Ukiulizwa, onyesha twiga.

Shabiki wa Mets ana tarehe yake, nayo inaangukia katikati ya msimu wetu. Kila 1 Julai timu hiyo humlipa Bobby Bonilla karibu dola milioni 1.19, na mara ya mwisho aliwachezea 1999. Walimwahirishia milioni 5.9 alizokuwa anadai, wakaziwekea riba ya asilimia 8, malipo yakaanza 2011 na yataendelea hadi 2035. Usilianzishe wewe, wenzake watamchokoza wenyewe. Wewe subiri wafike kwenye riba, kila mtu atoe simu apige hesabu. Mara nyingi hesabu hiyo huwa haijaisha mnapopita Karatu, nawe unaweza kushuka Loduare, lango la Ngorongoro, kushughulikia vibali na hakuna atakayekuuliza mbona foleni haisogei.