Namna ya kumshauri mzazi kuhusu chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi

Mzazi aliyemleta binti yake kliniki hukutazama usoni kabla hajakusikiliza. Ukimwambia "kuna na ile ya HPV, sijui kama utapenda", ameshajua kwamba hata wewe una shaka. Ndiyo maana kazi hii inaanza kwako, mhudumu wa afya, kabla foleni haijapangwa.

Jiulize: binti yangu wa miaka 10 ningemchanja? Ukisita, tafuta kinachokusitisha ukimalize na mratibu wa chanjo wa wilaya. Mara nyingi ni suala la dozi. Tanzania ilipoanza kutoa chanjo hii nchi nzima mwaka 2018, walengwa walikuwa wasichana wa miaka 14 na dozi zilikuwa mbili. Tangu 2024 ni dozi moja, miaka 9 hadi 14. Waliosomea utaratibu wa zamani hudhani ni kubana matumizi. Sivyo. Utafiti uliofanyika Kenya kwa wasichana wa miaka 15 hadi 20 ulionyesha dozi moja inakinga vizuri sana, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaukubali utaratibu huo. Kwa anayeishi na VVU shirika hilo linashauri dozi zisizopungua mbili, ikiwezekana tatu, kwa hiyo usimhesabu kuwa amemaliza.

Sasa maneno yenyewe. Fungua kadi, kisha sema: "Mama Neema, leo Neema anapata chanjo ya kumkinga na saratani ya mlango wa kizazi. Ni sindano moja tu, begani." Halafu nyamaza. Hapa ndipo wengi wetu tunaharibu: tunakimbilia kueleza kirusi na jinsi kinavyoambukizwa, mama anabaki kusikia neno ngono peke yake. Akiuliza, usimfiche. Kirusi huambukizwa kwa kujamiiana, na chanjo hukinga tu, haiondoi maambukizi yaliyokwisha kuingia. Kwa sababu hiyo hutolewa mapema, miaka mingi kabla ya ndoa.

Akikataa, usianze kumhubiria. Muulize, "Umesikia nini, mama?" Jibu la kawaida ni kwamba inafunga kizazi. Uvumi huu si mgeni: mwaka 2014 Kenya ilikumbwa na mabishano makali kuhusu chanjo ya pepopunda kwa wanawake, na shaka ileile huhamia chanjo nyingine. Aliyeusikia anampenda mwanawe, basi mjibu kwa upole: chanjo haigusi kizazi. Saratani yenyewe ndiyo hufanya mwanamke atolewe kizazi, au apigwe mionzi inayomwondolea uwezo wa kuzaa. Akisema anataka kwanza kuongea na baba yake Neema, mpe tarehe ya kurudi na uiandike kwenye rejesta, umfuatilie.

Usiseme kamwe "haina madhara yoyote". Usiku bega likivimba utakuwa umemdanganya, na chanjo inayofuata hataileta. Mweleze mapema: bega huuma, huweza kuwa jekundu na kuvimba, wengine hupata homa kidogo au kuumwa kichwa, na hupita baada ya siku chache.

Kinachotakiwa kuangaliwa kwa makini ni kuzirai. Wasichana wa umri huu huzirai kwa woga wa sindano, na shuleni akianguka mmoja aliyesimama kwenye foleni, wenzake hufuata. Jioni kijiji kizima kinasema chanjo imeua. Muulize kama amekula. Mchome akiwa ameketi, mahali ambapo wanaosubiri hawaoni sindano, kisha abaki ameketi dakika 15 huku mtu akimwangalia.

Na kabla hujawatangazia watu msikitini au kanisani, hesabu dozi zilizopo na usome kipimajoto cha friji: nyuzi 2 hadi 8. Iliyoganda haitumiki tena. Mama aliyetembea saa mbili akaambiwa chanjo zimeisha, kumrudisha ni kazi kubwa kuliko kumshawishi mara ya kwanza.

Ukishajaza kadi na rejesta, mgeukie mama mwenyewe. Akiwa na miaka 30 au zaidi, muulize lini alipimwa mlango wa kizazi. Kama hajawahi, usimwachie karatasi ya rufaa tu. Mpeleke mpaka kwenye chumba cha vipimo siku hiyohiyo.