Kuomba stakabadhi za serikali ukiwa Mombasa: hakikisha muhuri kwanza

Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 ya upatikanaji wa habari ndiyo inayoeleza njia yake. Kinachowakwamisha wengi ni kuuliza kwa mdomo. Unaambiwa "rudi Jumatatu", na Jumatatu ikifika huna karatasi ya kuonyesha kwamba uliwahi kufika.

Andika barua. Kiswahili kinakubalika sawasawa na Kiingereza, kwa hivyo usimlipe mtu akutafsirie. Ofisi ikiwa na fomu yake, ijaze, lakini ombi halikataliwi kwa sababu tu hukuitumia. Asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, ana haki ya kuandikiwa na afisa na kupewa nakala. Ielekeze kwa mkuu wa taasisi, kwani kisheria yeye ndiye afisa wa habari. Kwa kaunti, mwandikie katibu wa kaunti.

Taja hati unayoitaka. "Mbona mtaro wetu haujakwisha na masika yameingia?" ni lalamiko, na utajibiwa kwa maneno matupu. Andika hivi: "Naomba nakala ya mkataba wa mtaro wa barabara fulani, wadi ya Mjambere, mwaka wa fedha 2023/2024, pamoja na orodha ya kazi na bei zake, na hati za malipo." Sababu ya kuomba si lazima uitoe. Ni kampuni ya kibinafsi tu ndiyo utakayolazimika kuieleza ni haki ipi unayoilinda kwa taarifa hiyo.

Sasa muhuri. Chapisha barua mbili, uzipeleke masjala, na karani aigonge nakala yako muhuri wa kupokea, tarehe isomeke. Wino ukififia, mwombe agonge tena au aandike tarehe kwa kalamu na kutia sahihi. Usiondoke dirishani kabla ya hapo. Siku za ofisi kukujibu zinahesabiwa tangu ombi lilipopokewa, na bila tarehe hiyo kesi yako haina mwanzo. Karani akikataa, tuma kwa posta ya rejista na uhifadhi risiti.

Ofisi ina siku 21 za kujibu. Jambo likigusa uhai au uhuru wa mtu, kwa mfano jamaa amekamatwa na hamjui yuko kituo gani, ni saa 48. Liandike hilo juu kabisa ya barua. Muda unaweza kuongezwa mara moja tu, siku zisizozidi 14, nawe uelezwe sababu. Taarifa ikiwa kwa ofisi nyingine, ofisi uliyoiandikia ndiyo ya kulihamisha ombi, ndani ya siku 5.

Kuomba ni bure. Unalipia gharama ya nakala peke yake, na kwa risiti.

Ukiambiwa "hiyo ni siri", taka jibu la maandishi lenye sababu. Sheria inazitaja sababu zenyewe, kama usalama wa taifa na faragha ya mtu, na hata hizo hupimwa dhidi ya maslahi ya umma. Mwaka 2022 Mahakama Kuu hapa Mombasa iliamuru serikali iwape wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo mikataba ya reli ya SGR waliyokuwa wamenyimwa.

Kimya nacho ni jibu. Siku 21 zikipita bila neno, sheria inahesabu kwamba umekataliwa. Hapa ndipo watu huendelea kungoja kwa adabu hadi muda wa rufaa unawaponyoka. Tangu kukataliwa una siku 30 za kupeleka malalamishi kwa tume ya Ombudsman, inayoshughulikia malalamiko dhidi ya ofisi za serikali, ambayo ina ofisi Mombasa. Beba nakala yenye muhuri, jibu kama lipo, na karatasi yenye tarehe za kila ulipofuatilia. Usiporidhika na uamuzi wa tume, una siku 21 za kwenda Mahakama Kuu.