Somo: Kutambua beji halisi za kampeni za zamani za Marekani

Wadau, wengi huipenda sura iliyo kwenye beji wakasahau kuigeuza. Sura hunakiliwa kirahisi. Ukingo na mgongo ndivyo vya kuchunguza.

Hatua ya 1: Imetengenezwaje?
Beji za seluloidi (plastiki ya kale) zilishika kasi kampeni ya urais ya 1896, William McKinley dhidi ya William Jennings Bryan. Zina tabaka: kibati, karatasi yenye picha, kisha seluloidi angavu juu, vyote vimebanwa kwa pete nyuma. Bati linalochapwa picha moja kwa moja lilienea baadaye, kuelekea 1920. Ukiona McKinley wa 1896 kwenye bati la kuchapwa, irudishe mezani.

Hatua ya 2: Soma ukingo
Chukua kioo cha kukuzia, usiwe na haraka. Hapa ndipo watu hulizwa. Mwaka 1968 Kleenex, watengenezaji wa tishu, na 1972 kampuni ya American Oil, walitoa seti za nakala za beji za kale kwa ajili ya matangazo. Hawakumlaghai mtu: za 1972 zina alama "A-O-1972" ukingoni. Tatizo ni wauzaji wanaoikwangua au kuipaka rangi. Mkwaruzo sehemu moja tu ya ukingo, mimi siinunui. Tangu 1973 sheria ya Marekani inataka nakala ya namna hii iandikwe mwaka ilipotengenezwa.

Hatua ya 3: Mgongo
Whitehead & Hoag wa Newark, watengenezaji wa beji, walibandika ndani karatasi yenye jina lao. Isipokuwepo, usiihukumu beji. Karatasi hizo hudondoka.

Maswali ya wanachama

*Nina beji ya seluloidi ya Lincoln. Ni ya 1860?*
Hapana, mkuu. Za 1860 zilikuwa picha ndogo juu ya kibati, ndani ya fremu ya shaba, mara nyingi na tundu la kupitishia utepe. Yako huenda ni ya kumbukumbu. 1909 iliadhimishwa miaka 100 tangu azaliwe. Itunze, nayo ina historia yake.

*Naweza kuiosha?*
Usithubutu! Maji hupenya chini ya seluloidi, karatasi ikaota madoa ya kahawia na bati likashika kutu. Tumia kitambaa laini kikavu, na uiweke mbali na jua.

*Nimeuziwa yenye picha za Cox na Roosevelt pamoja, 1920. Nimepata au nimepigwa?*
Hao ni James Cox, mgombea urais, na mgombea mwenza wake Franklin Roosevelt. Halisi zake ni adimu mno, nakala ni tele. Kama ni bati la kuchapwa, anza na hatua ya 2 kabla hujamlipa salio.